Wageni wa Saa Nne

Kwa Jumamosi ya nne mfululizo Mama alikuwa amepanga viti sita sebuleni, amefagia kibaraza mara mbili, amejifunga kitambaa kipya kichwani, na sasa amekaa karibu na mlango akiwasubiri watu ambao hawakuwepo duniani. Dalali alisimama dirishani akitazama saa yake ya mkononi. Saa nne na nusu. Alikuwa anacheka moyoni, tena bila haya hata kidogo.

"Wamechelewa tena?" Mama aliuliza.

"Wanunuzi wapya ndivyo walivyo, Mama. Hawajawahi kununua nyumba, wanaogopa. Tuwavumilie."

"Basi tuwavumilie, mwanangu. Nikuongeze chai?"

"Niongeze, Mama."

Mama akainuka kwa taabu, magoti yakilia, akaenda kumletea chai mwanamke aliyekuwa akimchimba. Maana ukweli ni kwamba hakuna aliyealikwa. Wiki zote nne Dalali alikuwa akiandika kwenye daftari la ofisi "Jumamosi, saa nne, kuonyesha nyumba", na mahali pa jina la mnunuzi akapaacha wazi.

Sasa msikilize, kabla hujamhukumu.

Nyumba yenyewe ilikuwa ndogo, ya vyumba viwili, bafu moja, jiko lenye dirisha linaloingiza jua la asubuhi, na uwanja wa nyuma wa kutosha kuanika nguo za watu wanne. Nyumba ya namna hiyo ina mnunuzi wa aina moja tu, yule anayenunua kwa mara ya kwanza. Mwenye watoto watano haimtoshi, na mwenye pesa nyingi haitazami mara mbili. Wapya ndio wanaoipenda, tena wapya wana mwezi wao. Ni mwezi huo mmoja ambapo vyama vya akiba vya wafanyakazi hutoa barua za mikopo ya nyumba, na barua hizo hufa mwezi ukiisha. Ni mwezi huo huo ambapo mikataba ya pango hufika mwisho na wenye nyumba huanza kuuliza, unabaki au unaondoka? Mwezi ukipita, aliyepata kapata, aliyekosa keshasaini kupanga mwaka mwingine. Nyumba ndogo iliyokosa mwezi wake inakaa mwaka mzima inakusanya vumbi, au inaangukia mikononi mwa Bwana Nyundo, anayenunua kwa bei ya kutupa, anabomoa na kujenga maduka.

Dalali alilijua hilo kuliko dalali yeyote mjini. Mwezi ule wapya kumi na mmoja walipita ofisini kwake, na wote kumi na mmoja aliwapeleka nyumba nyingine. Zilikuwa zimebaki siku saba tu. Jumatatu baada ya mwezi kuisha alikuwa keshapanga kumleta Bwana Nyundo na futi yake.

"Kunywa ingali moto," Mama alisema, akimkabidhi kikombe. Halafu akamtazama kwa yale macho ya kina mama wanaotafuta. "Hivi wewe umeolewa?"

"Bado, Mama."

"Ah! Wanaume wa siku hizi vipofu. Mwanamke mchapakazi, una adabu, unaongea vizuri na wazee. Laiti huyu mwanangu angepata mtu kama wewe, mimi ningelala usingizi."

Chai ikampalia Dalali. Alikohoa mpaka machozi yakamtoka, na Mama akampigapiga mgongoni kwa huruma. Mlangoni alikuwa amesimama mwanaye, Seremala, vumbi la mbao nyweleni, penseli sikioni. Alimtazama Dalali, Dalali akamtazama. Seremala ndiye aliyeshusha macho kwanza. Siku zote ndiye aliyeshusha kwanza.

*

Miaka mitano nyuma, Dalali hakuwa dalali. Alikuwa mhudumu wa hoteli karibu na kituo cha mabasi, anabeba trei, anapanda juu ya kreti la soda ili afikie vikombe kwenye rafu ya juu, maana Mungu hakumpa urefu. Seremala alikuja pale kutengeneza meza. Kazi ya siku mbili ikamchukua wiki tatu. Kila siku kulikuwa na mguu wa meza uliolegea ghafla.

"Wewe Nukta," alimwambia siku moja, akimtazama juu ya kreti lake, "siku nikijenga nyumba, hutapanda kitu."

Akajenga kweli. Makabati ya jikoni aliyapima kwa mkono wa Nukta wake. Alimsimamisha ukutani, akamwambia nyoosha mkono, akapiga alama ya penseli kwenye ncha ya vidole vyake. Hapo ndipo rafu ya juu ilipokuja kuwekwa. Hakuna zawadi aliyowahi kupewa Dalali iliyomliza kama alama ile ya penseli.

Kisha ikaja siku ya posa. Jumamosi, saa nne asubuhi. Baba yake Dalali alivaa koti lake la pekee. Viti sita viliazimwa kwa jirani na kupangwa sebuleni. Saa nne ikafika, saa tano ikafika. Majirani walianza kupita mara mbili mbili mbele ya mlango kama watu waliopoteza kuku. Saa saba simu ya Dalali ikaingiza ujumbe wa neno moja: "Hatutakuja."

Neno moja! Baadaye ndipo aliposikia kwamba Mama alijilaza mlangoni akasema mwanaye akitoka kwenda kumposa mwanamke wa kubeba trei mbele za wanaume, akirudi atakuta maiti. Hakuwa amewahi kumwona huyo mwanamke. Hakutaka kumwona. Na Seremala, mwanaume mzima mwenye mikono ya kuinua mti, alibaki ndani. Mwezi uliofuata, nyumba yenye alama ya penseli akahamia Mama.

Baba alikaa kwenye kiti na koti lake mpaka saa nane. Alipoinuka alisema tu, "Rudisheni viti vya watu." Dalali aliyasahau mengi ya siku ile, lakini hiyo sauti hakuisahau, na hakukusudia kuisahau.

Ndiyo maana wiki nne zilizopita, Seremala alipoingia ofisini kwake kofia mkononi, Dalali hakumfukuza. Karani wake, msichana wa maneno mengi, ndiye aliyekaribia kumeza kalamu.

"Nimeambiwa wewe ndiye bingwa wa nyumba ndogo," Seremala alisema.

"Umeambiwa kweli."

"Mama anahamia kwa dada. Ngazi za kibaraza zinamshinda. Nyumba inabidi iuzwe."

"Mama anajua umekuja kwangu?"

"Mama hakujui. Hajawahi kukuona."

"Ndiyo," Dalali akasema. "Hakuja."

Seremala akaizungusha kofia yake mkononi. Dalali akafungua daftari, akachukua kalamu, akatabasamu tabasamu la kikazi kabisa.

"Wapya ndio watakaoipenda. Tutaionyesha Jumamosi. Mwambie Mama apange viti. Saa nne."

Alipotoka, Karani akaruka kwenye kiti. "Dada! Ndiye yeye? Ndiye yule wa neno moja?"

"Fanya kazi."

"Mimi ningemwagia chai ya moto."

"Chai inapoa," Dalali alimjibu. "Mimi namwekea kitu kisichopoa."

*

Jumamosi ya tano ilikuwa siku ya mwisho ya mwezi. Dalali alifika saa nne kasoro dakika kumi, amevaa vizuri kupita siku zote, kama mtu anayekwenda kuangalia mechi ambayo matokeo yake anayajua. Mama alikuwa amepanga viti. Seremala alikuwa kibarazani anapiga randa ubao, randa moja, anaacha, randa moja, anaacha.

"Leo watakuja," Mama alisema. "Nimeota."

"Tuwavumilie, Mama."

Saa nne kamili, hodi ikapigwa.

Dalali aliganda. Mama akapiga kigelegele kidogo, akakimbilia mlango kwa magoti yale yale yaliyokuwa yanamlilia. Wakaingia vijana wawili wameshikana mikono kama wanaoingia chumba cha mtihani. Mwanamke alikuwa mrefu, mrefu hasa, sare ya uuguzi bado mwilini. Mume alikuwa mwembamba na bahasha kifuani, ameibana kwa mikono yote miwili.

"Samahani, tumefika sawa?" Muuguzi aliuliza. "Karani wa ofisini ndiye aliyetuelekeza. Alisema dada ameandika ugeni wa saa nne, lakini mnunuzi hajaandikwa jina, kwa hiyo akatuandika sisi."

Kiherehere cha Karani! Wiki nne ile nafasi ilikaa wazi, yule mtoto akaona ni pengo, akaliziba kwa moyo safi. Dalali alihisi damu ikimpanda masikioni.

"Mke wangu katoka zamu sasa hivi," mume akaongeza. "Mimi mwalimu wa hesabu. Barua yetu ya mkopo inakufa leo, dada. Chama kinafunga saa saba. Tumezunguka mwezi mzima, kila nyumba tukifika imechukuliwa. Tukikosa leo, tunarudi kupanga chumba kile kile, na mke wangu..." Akamtazama mkewe tumboni.

"Karibuni, wanangu! Karibuni, karibuni," Mama alisema. "Kaeni kwanza. Viti viko tele."

Dalali aliwaza haraka. Ilikuwa bado rahisi. Angesema fomu ziko ofisini. Angesema kuna mtu keshalipa arubuni. Saa saba ingepita yenyewe, na Jumatatu Nyundo angekuja na futi yake. Aliwaonyesha sebule kwa maneno matatu, chumba cha kwanza kwa mawili. Chumba cha pili hakusema kitu. Lakini Muuguzi alikuwa anashika kila kitu. Alishika kitasa, akashika ukuta, akafungua dirisha na kulifunga, akamwambia mumewe kwa sauti ya chini, "Hapa kitanda cha mtoto kinaenea."

Wakaingia jikoni, na hapo Muuguzi akagonga paji la uso kwenye kabati.

"Aaa!"

"Pole!" Mama alisema kutoka nyuma. "Hayo makabati ni adui wa watu. Mimi yameniua mgongo miaka mitano. Kila siku namwambia huyu fundi, yapandishe, yapandishe. Fundi wa mji mzima, kwake mwenyewe hasikii."

Muuguzi alicheka akijisugua kipaji. "Yametengenezwa kwa mtoto?"

Seremala alikuwa mlangoni. Alijibu taratibu.

"Yalitengenezwa kwa mtu mfupi mmoja."

"Yuko wapi?"

"Hakuwahi kuhamia."

Dalali alikuwa anatazama ukuta, na pale ukutani, kando ya kabati, usawa wa rafu ya juu, alama ya penseli ilikuwa bado ipo. Nyumba ilikuwa imepakwa rangi upya mara mbili, yeye mwenyewe aliona kwenye kingo za milango. Lakini fundi wa rangi alikuwa amepaka kuizunguka ile alama.

"Mama, waonyeshe uwanja wa nyuma," alisema, na sauti yake haikuwa ya kikazi tena.

Walipotoka, Seremala akaingia ndani.

"Nukta."

"Usiniite hivyo."

"Sawa. Hongera basi. Jumamosi nne na hakuja hata mtu mmoja. Kazi safi."

"Unamaanisha nini?"

"Mimi natengeneza vitanda," Seremala alisema. "Nani unadhani ananunua kitanda kipya mwezi huu? Ni hao wapya. Wakipata nyumba tu, kabla hawajafikiria hata pazia, wanakuja karakana. Mwezi huu nimetengeneza vitanda tisa. Kila mmoja namuuliza, nani kakuuzia? Wanasema, yule dada mfupi. Nawauliza, hakukuonyesha nyumba ya vyumba viwili yenye jiko la jua la asubuhi? Wanashangaa. Hawajawahi kuisikia."

Dalali alikauka.

"Ulijua."

"Tangu Jumamosi ya pili."

"Na ukanyamaza? Unamwona mama yako anapanga viti, anafagia, na unanyamaza?"

"Nilinyamaza."

"Kwa nini?"

Seremala alimtazama, na safari hii hakushusha macho. "Kwa sababu kila Jumamosi ulikuja. Nyumba ikiuzwa hutakuja tena. Nikasema acha achelewe. Anilipizie mwaka mzima akitaka, mradi nimwone akinywa chai kwenye kiti kile."

Wapo wanawake ambao maneno hayo yangewayeyusha palepale. Dalali naye, tuseme kweli, aliyaonja, matamu na machungu kwa pamoja. Lakini hasira iliyafikia na kuyapita. Mwezi mzima! Mwezi mzima alidhani anamwadhibu mtu huyu, kumbe anamstarehesha. Alikuja hapa na kisu, naye Seremala akakigeuza kuwa ugeni wa Jumamosi. Mama yake kasubirishwa na mwanaye pia, si yeye peke yake. Na yeye mwenyewe, Dalali, alikuwa amegeuzwa tena mtu wa kutazamwa na mwanaume aliyekaa kimya.

"Wewe kunyamaza ndiyo kazi yako ya kwanza," alimwambia. "Useremala ni ya pili. Siku ile ulinyamaza, leo umenyamaza tena. Unadhani kunyamaza ni mapenzi?"

"Nukta, nisikilize..."

"Unanipenda?"

"Nakupenda. Sijawahi kuacha."

"Vizuri sana." Akafungua mkoba wake, akatoa fomu. Zilikuwa humo siku zote, tatu, nakala safi. "Kwa hiyo kuchelewa ndiko kunakokufurahisha. Basi leo nyumba inauzwa. Hivi sasa. Kabla ya saa sita."

Uso wa Seremala ulibadilika kabisa, na Dalali akauona unavyobadilika, na akaufurahia. Mungu amsamehe, aliufurahia kama maji ya baridi.

Alitoka uwanja wa nyuma akipiga makofi. Sasa mlango wa kazi ulifunguka, na jamani, huyo mwanamke aliijua kazi yake! Aliwapeleka Muuguzi na Mwalimu chumba hadi chumba upya. Aliwaonyesha jua linavyoingia jikoni saa ile ile, akawaambia kwa nini huwaita wapya asubuhi na si jioni, akawaonyesha bomba, akawatajia majirani, akawahesabia hatua mpaka kituo cha afya anakofanya kazi mke na shule anakofundisha mume. Mwalimu aliandika kila kitu nyuma ya bahasha. Muuguzi alikuwa analia kidogo na kujifanya halii.

"Kuna kitu kimoja tu," Muuguzi alisema. "Hayo makabati. Sitaweza, dada. Nitavunjika mgongo."

"Yatapandishwa," Dalali akasema.

"Na nani? Hatuna cha kumpa fundi sasa hivi."

"Na aliyeyatengeneza." Akamgeukia Seremala mbele ya watu wote. "Tunaandika kwenye makubaliano. Muuzaji atang'oa makabati kwa mkono wake mwenyewe na kuweka mengine ya urefu wa huyu dada. Na ukuta apake rangi. Wote. Asiache hata sentimita."

Seremala alikuwa mweupe midomoni. "Wote?"

"Wote. Au tuache?"

Mama akamgonga mwanaye kiwiko. "Kubali, we! Watu wa watu wanangoja!"

Akakubali. Akatia saini, na penseli ikamdondoka sikioni, wala hakuiokota. Mama naye akatia saini kwa herufi kubwa za polepole. Saa tano na robo Muuguzi na Mwalimu walikuwa nje wanakimbia na fomu yao, mmoja mrefu mmoja mwembamba, wanagongana mabega na kucheka.

Mama alimkumbatia Dalali mpaka akamnyanyua. "Mwanangu! Nilijua wewe ni wa baraka. Sema, nikupe nini? Tuseme ulikuwa binti yangu, ungetaka nini?"

Hapo ndipo penyewe. Dalali alikuwa ameisubiri nafasi hiyo miaka mitano, na sasa ilimjia imekumbatia shingo yake, inanukia sabuni na chai.

"Mama, kaa kwenye kiti."

"Niko sawa nimesimama."

"Kaa, Mama."

Mama akakaa. Seremala akasema, "Nukta, tafadhali," na Mama akageuza kichwa upesi aliposikia jina hilo. Lilikuwa limetajwa sana kati ya mama na mwana zamani, tena kwa ugomvi.

"Ndiyo," Dalali alisema. "Ni mimi. Mwanamke wa trei. Miaka mitano iliyopita, Jumamosi kama hii, saa nne, tuliwapangia viti sita. Hivi hivi, tukafagia, tukapika chai. Makabati uliyoyalaani yakikuumiza mgongo, yalipimwa kwa mkono wangu huu. Jumamosi nne nimekukalisha hapa unasubiri, na hakuna niliyemwalika. Nilitaka uonje. Umeonja?"

Mikono ya Mama ilikuwa imeshika pembe za kiti.

"Kwa nini hukuniambia wewe ni nani?" aliuliza hatimaye, kwa sauti ndogo.

"Na wewe kwa nini hukuja kuniona?"

Mama alivua kitambaa kichwani, akakikunja, akakikunjua.

"Nilikuwa nimezika mume mwaka ule," alisema. "Binti keshaolewa mbali. Nikasema huyu akienda, nabaki na kuta. Trei ilikuwa kisingizio. Ingekuwa si trei ningesema mfupi, au mnene, au anacheka sana. Nilijua nikikuona nitashindwa, ndiyo maana sikutaka kukuona." Akanyanyua macho, na yalikuwa yamejaa. "Na kweli nimeshindwa. Wiki tano nakuombea mume, kumbe nimemfungia ndani mimi mwenyewe. Nifanyeje, mwanangu?"

Hasira ya Dalali ilitamani kubaki, lakini ilikuwa imechoka. Hata hivyo hakuwa mtu wa kufuta deni la koti la baba yake kwa machozi ya dakika moja.

"Baba yangu alikaa na koti lake mpaka saa nane," alisema. "Sitaki pole. Jumamosi ijayo, saa nne, nendeni kwake. Mwanao anapajua. Wewe ndiye utakayepiga hodi, si yeye. Na wewe ndiye utakayesema mlikochelewea."

"Utatufungulia?" Seremala aliuliza.

Dalali alichukua mkoba wake. Mlangoni aligeuka.

"Kila mnunuzi ana mwezi wake. Wa kwako nadhani ulishapita. Njooni tuone."

*

Jumamosi ilipofika, saa nne kasorobo, sebule ya baba yake ilikuwa na viti sita. Safari hii havikuazimwa. Macho yalikuwa mazito kwa wote wawili, Dalali na baba, maana hakuna aliyelala vizuri usiku ule, na baba alikuwa amevaa koti lile lile, limembana kidogo mabegani.

"Na wasipokuja tena?" baba aliuliza.

"Tutarudisha viti, baba."

Alikuwa nyuma ya pazia, anachungulia kwa upenyo wa kidole. Saa nne kasoro dakika tano aliwaona wakija barabarani. Mama alitangulia, anatembea kwa fimbo mpya, kitambaa kile kipya kichwani, anasimama kila hatua kumi kupumzisha magoti. Nyuma yake Seremala alisukuma mkokoteni, na juu ya mkokoteni, yamefungwa kwa kamba na kufunikwa shuka safi, makabati. Yote. Hayakupigwa hata mkwaruzo. Kwenye shuka alikuwa ameweka kipande cha lipu kilichokatwa ukutani kwa uangalifu, ukubwa wa kiganja, na Dalali hakuhitaji kukisogelea ili ajue kilikuwa na alama gani.

Machozi yalimtoka bila kumwomba ruhusa. Aliyafuta kwa kiganja, kwa hasira, kama mtu anayefukuza nzi.

Mama alifika mlangoni. Alisimama, akavuta pumzi, akakinyoosha kitambaa.

"Hodi!"

Baba akainuka kitini.

"Kaa, baba," Dalali alinong'ona.

"Watu wapo nje, binti yangu. Wanasubiri."

"Ndiyo. Wanasubiri."

Akasikia fimbo ya Mama ikihama kutoka mkono mmoja kwenda mwingine. Akasikia Seremala akisema kitu, na Mama akimnyamazisha, "Ulisikia alivyosema. Mimi ndiye ninayepiga." Kisha ile sauti ya Mama, safari hii kwa unyenyekevu zaidi:

"Hodi wenye nyumba. Tumechelewa, lakini tumekuja."

Baba alimtazama binti yake. Miaka mitano hakuwa amelizungumzia jambo hilo.

"Tuwafungulie?"

"Bado," Dalali akasema, na mkono wake ulikuwa tayari juu ya komeo.